Nyota Tano za Nani? Tiba Mtandao, Kifafa na Somo Tunalokataa Kujifunza China



Kuna wimbo umeanza kuimbwa na waheshimiwa wetu tangu korona ipite, na kila ukiimbwa watu wanapiga makofi. Wimbo wenyewe ni huu: kwamba janga lile lilitufundisha kuwa mgonjwa hana haja tena ya kumfuata daktari, kwamba wenzetu walioendelea waliwahudumia wagonjwa kwa simu na kompyuta, hata wagonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, kwamba walipoulizwa, wagonjwa wakasema wameridhika na madaktari wakasema wameridhika, na kwamba kwa hiyo nasi tununue mitambo, tuwaunganishe wagonjwa wetu na mabingwa, kazi iwe imekwisha. Mfano unaotajwa mara nyingi ni China.

Mimi naishi China, katika mji wa Guangzhou. Nilikuwa hapa kabla ya korona, nikawa hapa wakati wa korona, na bado nipo. Kwa hiyo naomba nami niseme, maana nikinyamaza nitakuwa nashiriki kuwapaka wenzangu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hoja yangu ni moja na nitaisema mapema ili asiye na muda aondoke nayo. KURIDHIKA KWA MGONJWA ALIYEFIKA KWENYE SKRINI HAKUTUAMBII LOLOTE KUHUSU MGONJWA ALIYEISHIA MLANGONI. Na kwa magonjwa ya fahamu, nyumbani kwetu, walioishia mlangoni ndio wengi. Anayetaka kuiga China basi aige kile China ilichowafanyia wagonjwa wa kifafa vijijini, kitu ambacho hakikuhitaji skrini hata moja. Nitafika huko.

DODOSO HUMUULIZA NANI?

Kabla ya Guangzhou, tulitazame dodoso lenyewe, maana kitu kikishaandikwa kwa asilimia sisi hukiogopa kama hirizi.

Chukueni utafiti mmoja mzuri, uliofanyika Marekani miaka michache kabla ya korona na kuchapishwa 2017. Wagonjwa 195 wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Wengine waliendelea nayo na juu yake wakaongezewe kuonana na bingwa kwa video wakiwa nyumbani kwao. Mwisho wa hesabu, ubora wa maisha haukutofautiana baina ya makundi mawili, na kila kuonana kwa video kulimwokolea mgonjwa kama dakika 88 na mwendo wa maili 38, yaani kilomita zipatazo 61. Nani asiridhike?

Sasa tazameni walikuwa akina nani. Asilimia 73 walikuwa na elimu ya chuo. Asilimia 96 walikuwa Wazungu. Na hili ndilo la kukumbuka kuliko yote: asilimia 73 walikuwa wamemwona bingwa siku si nyingi kabla ya utafiti. Watafiti hawakuficha, waliliandika wazi. Wanaoficha ni hawa wanaotuletea matokeo nusu nusu kwenye semina za hotelini.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba video iliwapunguzia safari watu ambao daktari walikuwa naye tayari. Waliokuwa na faili, walikuwa na jina la ugonjwa, walikuwa na dawa kabatini. Kilichopungua ni petroli na muda. Hilo ni jambo jema, silibezi. Lakini ni tofauti kabisa na kumpatia daktari mtu ambaye hajawahi kumwona daktari wa fahamu tangu azaliwe.

Korona ilipokuja 2020 na kliniki kufungwa duniani kote, dodoso za kuridhika zilimiminika. Nyingi zilifuata njia ile ile: wanaulizwa wale ambao miadi yao imefanyika. Aliyeshindwa kuingia kwenye mfumo haulizwi. Aliyekuwa hana simu ya kisasa haulizwi. Aliyeanguka kifafa akafa wiki moja kabla ya miadi hajibu dodoso. Halafu inatangazwa kwamba tisa kati ya kumi wameridhika! Ni sawa na kusimama mlango wa kutokea wa hoteli ya nyota tano ukawauliza wanaotoka kama wameshiba, kisha ukatangaza kwamba mji mzima hauna njaa. Wazee walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tumeigeuza methali hiyo tukaifanya takwimu.

GUANGZHOU, APRILI 2020

Sasa niwaambie mlangoni palikuwaje.

Kwa tiba mtandao, mkoa huu wa Guangdong si mwanafunzi. Hospitali ya mtandaoni ya mkoa ilifunguliwa hapa Guangzhou Oktoba 2014, na hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake China. Mwaka 2018 serikali ikatoa kanuni za hospitali za mtandaoni kwa nchi nzima. Mwanzoni mwa Machi 2020, janga likiwa kali, serikali ikaelekeza bima ya afya ilipie huduma hizo. Kwa raia mwenye kitambulisho, bima na faili hospitalini, mambo yalikwenda. Dawa ya presha au kisukari ilimfikia mlangoni kwa pikipiki. Sitakataa kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Lakini kumbukeni pia kilichotupata sisi. Tarehe 28 Machi 2020 China ilifunga mipaka kwa wageni wengi, hata wenye visa. Mwanzoni mwa Aprili, baada ya Wanigeria kadhaa kukutwa na virusi, viongozi wa mji wakaamua kuwapima Waafrika wote. Walitangaza wenyewe kwamba wamewapima Waafrika 4,553 na 111 wamekutwa na virusi. Watu waliokuwa hawajasafiri kwenda popote waliwekwa karantini ya siku 14. Wengine walifukuzwa kwenye nyumba walizokuwa wamelipia kodi, hoteli zikawakataa, wakalala barabarani na masanduku yao. Tawi moja la McDonald's lilibandika tangazo kwamba watu weusi hawaruhusiwi kuingia. Kampuni ikaomba radhi na kulifunga tawi kwa muda. Mabalozi wa Afrika kule Beijing waliandika barua ya pamoja kulalamika kwa waziri wa mambo ya nje wa China. Haya yote yapo kwenye kumbukumbu.

Katika siku hizo nilikuwa nakaa nyumba moja, upande wa Sanyuanli, na kijana wa nyumbani mwenye kifafa. Jina lake si la hapa. Dawa yake ilikuwa fenobabitoni, ile ya bei rahisi inayotolewa zahanati nyingi kwetu, na alikuwa akiletewa na wafanyabiashara wanaokuja kufunga mzigo. Mipaka ilipofungwa, wafanyabiashara wakakoma, na dawa ikaisha tukiwa ndani ya karantini, mlango umebandikwa karatasi na kidude cha kupiga kengele ukiufungua.

Tukajaribu huo mtandao unaosifiwa. Mfumo wa hospitali ya kwanza ulitaka namba ya kitambulisho cha Kichina yenye tarakimu 18. Namba ya pasipoti ilikataa kuingia. Hospitali ya pili ilikubali pasipoti, tukalipa, tukasubiri, akaja daktari kwa maandishi. Aliuliza kwa adabu: je, mgonjwa ameshawahi kuonwa hapa kwetu? Hapana. Basi siwezi kumhudumia kwa mtandao, aje hospitalini. Tukamwambia tumefungiwa. Akasema anasikitika, akamaliza mazungumzo. Dakika tatu.

Ndugu zangu, yule daktari hakuwa mbaya. Alikuwa anafuata kanuni za 2018, na kanuni zenyewe zina akili. Zinasema mgonjwa wa mara ya kwanza asitibiwe kwa mtandao. Mtandao ni kwa ajili ya kuendeleza matibabu ya magonjwa ya kawaida na ya muda mrefu ambayo yameshatambuliwa. Zinasema pia dawa za kulevya na dawa zinazodhibitiwa kwa kuathiri akili zisiandikwe kwa mtandao, na fenobabitoni imo katika kundi hilo. Kwa maneno mengine, hata kama angekuwa na faili, dawa ile ile aliyoizoea ilikuwa haipatikani kwa njia ile ile tuliyokuwa tunasifiwa.

Anayejua fenobabitoni anajua kwamba ukiikatiza ghafla, kifafa kinarudi kwa hasira. Kilirudi. Alianguka mara nne kwa siku moja. Mara ya nne hakuzinduka kama kawaida, ikabidi tufungue mlango kengele ilie. Watu wa kamati ya mtaa wakaja wakiwa wamevaa yale mavazi meupe, wakabishana, mwisho wakaita gari la wagonjwa. Hospitalini alipimwa korona kwanza, kisha akaonwa na daktari wa fahamu aliyemshika mikono, akamgonga magoti, akamwangalia machoni kwa taa, akamwandikia dawa nyingine. Akapona, namshukuru Mungu.

Mwezi wa sita, sasa akiwa na faili, aliongea na daktari yule yule kwa video. Huduma ilikuwa nzuri kweli. Ilipoisha, simu ikalia: Je, umeridhika? Toa nyota. Akatoa nyota tano. Hata mimi ningetoa tano.

Nyota zile tano zimo kwenye takwimu mpaka leo. Zile dakika tatu za mwezi wa nne hazimo popote. Hakuna aliyetuuliza.

NA MADAKTARI JE?

Wimbo unasema madaktari nao waliridhika. Ukisoma tafiti za wakati ule kwa makini utakuta kwamba mara nyingi daktari huridhika kidogo kuliko mgonjwa wake, na kwa daktari wa fahamu sababu iko wazi.

Daktari wa fahamu anafanya kazi kwa mikono. Anakunja mkono wako asikie kama umekakamaa. Anakugonga goti kwa nyundo. Anakugusa kwa pamba na kwa pini ajue ganzi inaanzia wapi. Anachungulia ndani ya jicho kuona kama kuna mgandamizo ndani ya kichwa. Mgonjwa wa Parkinson humsimamisha, akasimama nyuma yake na kumvuta mabega ajue kama atajizuia au ataanguka. Kwa video, kukakamaa huwezi kukupima na kuvuta mabega huwezi kukufanya. Hata kipimo maalumu cha ugonjwa huo hulazimika kuruka vipengele hivyo. Mgonjwa hajui kilichorukwa, kwa hiyo anaridhika. Daktari anajua, kwa hiyo anasitasita. Mimi katika hili namwamini anayesitasita.

Kwa haki, zipo kazi za fahamu ambazo video inazifanya vizuri sana. Kiharusi ni mfano. Utafiti wa Marekani wa wagonjwa 222, uliochapishwa 2008, ulilinganisha bingwa anayeshauri kwa video na anayeshauri kwa simu tu. Wa video walifikia uamuzi sahihi kwa asilimia 98, wa simu asilimia 82. Tofauti hiyo ni uhai wa watu. Lakini mwisho wa pili wa waya palikuwa na nini? Palikuwa na hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, daktari wa dharura amesimama pembeni ya kitanda, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda iko tayari. Bingwa alikuwa akitoa neno la mwisho kwenye nyumba ambayo tayari ina kuta na paa. Sisi tunataka neno la mwisho kwenye kiwanja kitupu.

Na kifafa? Kifafa kwa sehemu kubwa hutambuliwa kwa masimulizi ya aliyeona mtu akianguka, na video iliyochukuliwa na ndugu kwa simu humsaidia sana bingwa. Kwa hiyo sisemi skrini haina kazi. Nasema ina kazi yake, na kazi yake ni ya pili.

NYUMBANI

Turudi kwetu. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2017, nchi tajiri zilikuwa na wataalamu wa ubongo na fahamu, wakiwemo wapasuaji, wapatao 7.1 kwa kila watu 100,000. Nchi maskini zilikuwa na 0.1, yaani mmoja kwa watu milioni moja. Shirika hilo hilo linasema duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa. Kwamba katika nchi maskini robo tatu yao hawapati matibabu wanayohitaji. Na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo, kwa dawa ambazo zinaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka. Dola tano! Bei ya chakula cha mchana cha mjumbe mmoja wa semina ya tiba mtandao.

Na msiseme hatukujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta Mahenge, wilaya ya Ulanga, wagonjwa wa kifafa wengi kuliko kawaida. Aliwakuta wametengwa, wengine na makovu ya moto, kwa sababu mtu akiangukia jikoni watu walikuwa wanaogopa kumgusa wakidhani povu lake linaambukiza. Alianzisha kliniki, akagawa fenobabitoni, na watu waliokuwa wanakula peke yao wakarudi kula na wenzao. Alikuwa hana umeme wa uhakika, sembuse intaneti. Alikuwa na dawa, daftari na mtu wa kurudi kuwatazama.

Imepita miaka sitini. Tujiulize: mwenye kifafa leo katika kijiji cha mbali cha Ulanga, au cha Kigoma, au cha Pemba, kinachomkwamisha ni nini? Ni kukosa skrini? Au ni kukosa tabibu wa zahanati anayejua kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo na si pepo, na kukosa vidonge mwezi wa pili baada ya kupewa mwezi wa kwanza?

Wakati Guangzhou wanahesabu nyota, sisi tuliacha hata kuhesabu wagonjwa. Takwimu za korona Tanzania zilikoma kutangazwa mwaka 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na zikakaa hapo mpaka mwaka uliofuata baada ya uongozi kubadilika. Nchi iliyoacha kuhesabu walioambukizwa ingemhesabu vipi mwenye kifafa aliyekosa vidonge?

SOMO LA CHINA TUNALOLIKATAA

Sasa hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu mnisikilize vizuri.

Kati ya 2001 na 2004, miaka mingi kabla ya simu za kisasa, China ilifanya mradi wa majaribio wa kifafa vijijini kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani. Hawakupeleka mabingwa. Hawakupeleka kompyuta. Waliwachukua madaktari wa kawaida wa ngazi ya chini, wakawafundisha kukitambua kifafa cha degedege, wakawapa fenobabitoni na utaratibu wa kumfuatilia mgonjwa kila mara. Wagonjwa 2,455 wakaanzishiwa dawa. Kati ya waliomaliza miezi 12, asilimia 68 kuanguka kwao kulipungua kwa nusu au zaidi, na theluthi moja hawakuanguka kabisa.

Linganisheni. Kule kwenye dodoso wanauliza: umeridhika? Huku waliuliza: umeanguka mara ngapi? Swali la pili halina adabu za biashara lakini ndilo swali la tiba. Mwenye kifafa anaweza kuridhika na daktari mcheshi huku akianguka kila wiki, na anaweza kumchukia daktari mkali huku haanguki tena. Mgonjwa haulizwi uji, anapewa.

China iliweza hayo kwa sababu ilikuwa na watu vijijini. Ina historia ya wale waliokuwa wakiitwa madaktari pekupeku, wakulima waliofundishwa tiba ya msingi wakati wa Mao. Na sisi tulikuwa na wetu! Baada ya Azimio la Arusha la 1967 tulijenga zahanati vijijini na kufundisha waganga wasaidizi mpaka wageni wakaja kujifunza kwetu. Mwaka 2007 tukaanzisha mpango wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo mengi yamesimama. Ndani ya majengo ndimo penye kitendawili. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964 na bara tangu 1968. Hao wanajua zahanati zetu kuliko baadhi ya wabunge wetu. Tungewauliza mlifanyaje kuhusu kifafa kwenu, wangetuambia. Badala yake tunakuja Guangzhou na Shenzhen kupigwa picha mbele ya luninga kubwa.

Halafu tazameni wenyewe wanafanya nini wanapougua. Novemba 2014 Rais wetu wa wakati huo alikwenda Johns Hopkins kule Marekani kufanyiwa upasuaji wa tezi dume, na simlaumu, afya ni afya. Nasema tu kwamba sijawahi kusikia mkubwa aliyepanda ndege kwenda kuonana na skrini. Wao wanajua thamani ya mkono wa daktari. Skrini ni kwa ajili ya mkulima.

WATAKAOPINGA

Wapo watakaosema: kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Nakubali, kama hicho kidogo kinaongezwa. Lakini bajeti ni moja. Kila shilingi ya mtambo unaokaa bila fundi wala umeme ni shilingi iliyotoka kwenye vidonge.

Wapo watakaosema napinga maendeleo. Aa wapi! Mimi natumia simu kulipia mpaka mchicha hapa Guangzhou. Ninachopinga ni usanii, kuchukua nyota za mtu aliyekuwa na daktari tayari na kumpigia nazo makofi mtu asiye naye.

Na wapo wa huku ughaibuni watakaosema: tuchange, tununue mitambo, tuipeleke hospitali ya mkoa wetu. Nia ni njema. Lakini kabla ya kuchanga ulizeni swali moja: zahanati ya kijijini kwetu mara ya mwisho fenobabitoni ilikosekana lini, na kwa muda gani? Mkipata jibu, mtajua fedha ziende wapi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, takwimu yoyote ya kuridhika ikiletwa mezani, idaiwe takwimu ya pili: wangapi walijaribu wakashindwa, na wangapi hawakuwa hata na njia ya kujaribu. Asiye nayo akae chini.

Pili, mgonjwa wa fahamu aonwe kwa mwili mara ya kwanza. China yenye mitandao yote hii imeliweka hilo kwenye kanuni. Sisi tusijifanye tuko mbele yao.

Tatu, vidonge kabla ya vioo. Fenobabitoni na kabamazepini zisikosekane zahanati hata mwezi mmoja, na kukosekana kwake kuripotiwe kama tunavyoripoti kukatika kwa chanjo.

Nne, skrini tulizo nazo tusimpe mgonjwa, tumpe tabibu. Bingwa wa Muhimbili au wa Bugando aongee na tabibu aliyeko pembeni ya mgonjwa, amwelekeze agonge wapi na aangalie nini. Hapo kuna mikono miwili chumbani, na tabibu akitoka amejifunza kitu cha kumsaidia mgonjwa wa kesho.

Tano, sisi tulio nje. Balozi zetu zidai kwa serikali za nchi tunazokaa kwamba mifumo ya afya ya mtandaoni ikubali pasipoti, na kwamba mtu aliyefungiwa karantini apelekewe dawa ya ugonjwa wake wa kudumu. Hilo halihitaji mkutano wa kimataifa. Linahitaji barua na mtu wa kuifuatilia.

Janga jingine litakuja, hakuna anayejua siku. Likija, mlango utafungwa tena, na kuna mtu atakuwa ndani amebakiwa na vidonge vitatu. Mtu huyo hatafuti nyota, anahesabu vidonge. Serikali inayotaka kujua kama inamhudumia ianze kwa kuhesabu naye.

Naomba kuwasilisha.